Ombi la Kuazimwa Mwizi Mzoefu kwa Siku Moja

Kwa Afande Mkuu wa Kituo,
Kituo cha Polisi kinachotazamana na duka la viatu.

Afande mheshimiwa,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtu ambaye ungekuwa unamjua vizuri sana kama ungebahatika kuzaliwa kwetu. Sisemi hivi kwa kujisifu. Kujisifu sikuzoea, ni watu wengine ndio hunisifu, nami huwa siwakatizi. Mimi ni fundi cherehani, lakini usinifikirie fundi wa kubandika viraka. Kwetu hakuna mkubwa aliyeketi kwenye kiti chake bila kukalia mshono wangu. Mkuu wetu wa wilaya alipoanza kuota kitambi, mimi nilijua kabla ya daktari wake, na nikanyamaza. Mwizi mmoja aliwahi kuniibia suruali dukani, kisha akairudisha mwenyewe mchana kweupe, si kwa toba, bali nimpunguzie urefu. Nikampunguzia. Kwa hiyo wezi nawajua, nao wananijua, na heshima ipo pande zote mbili. Shuleni sikukaa sana, kwa kuwa hata mwalimu alikuwa na suruali za kushonwa.

Nimekuja huku kwenu ugenini kwa jambo la kifamilia. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye ni dereva wa basi katika jiji lenu hili, anaolewa Jumamosi na kijana mmoja mwoka mikate. Dada yangu miguu haimruhusu tena kusafiri. Basi akanikabidhi mimi mkufu wa dhahabu wa marehemu mama yetu, niulete, na siku ya harusi nimvalishe binti kwa mikono yangu. Ni mkufu mwembamba, ukiuona waweza kudhani ni uzi wa kufumia. Lakini mama aliolewa nao, dada aliolewa nao, na huyu naye ndiye binti pekee tuliye naye. Dada aliponipa alinishika viganja akasema, "Mdogo wangu, mdomo wako naujua. Leo nakuomba mikono tu."

Mkufu huo sasa hauonekani.

Tulia, Afande, usiite gari. Haujaibiwa. Hilo ndilo lalamiko langu.

Nilifika kituoni kwako nikamweleza askari wa mapokezi, yule mwenye sauti nzito na kofia ndogo. Akaniuliza, "Mzee, umeibiwa?" Nikamjibu, "Sijaibiwa." Akauliza, "Sasa umekuja kushtaki nini?" Nikamwambia, "Nimekuja kushtaki kwamba sijaibiwa." Akanitazama, akamtazama mwenzake, mwenzake akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Wakanishauri nikapumzike nyumbani. Mimi sijachoka, Afande. Nimekosewa. Nimeona nikuandikie wewe mwenyewe, mkubwa kwa mkubwa, nikupangie makosa ya idara yako moja moja ili usije ukasema hukuelezwa.

Kosa la kwanza ni kile kipeperushi chenu.

Nilipowasili niligawiwa karatasi yenye muhuri wa kituo chako. Imeandikwa kwa herufi nene: Mgeni, linda vitu vyako vya thamani. Usiviweke mahali panapoonekana. Usiviweke mahali pamoja kila siku. Usimwambie mtu yeyote ulipoviweka. Wageni wengine niliwaona wakifungia karanga kwa karatasi hiyo. Mimi niliisoma yote, nikaitii yote kama askari. Niliuweka mkufu mahali pasipoonekana. Nikaubadilishia mahali kila siku. Na sikumwambia mtu yeyote. Sasa, Afande, mimi pia ni mtu. Hakuna mahali mlipoandika "isipokuwa wewe mwenyewe." Mlipokataza asiambiwe mtu yeyote, nilitii mpaka nikajificha siri hiyo hata mimi mwenyewe. Kama kuna aliyeshika sheria zenu kuliko hivyo, mlete tushindane.

Kosa la pili ni kwamba mlimpa ushauri huo mtu mwenye ufundi mkubwa kupita kiasi, bila kuuliza kwanza.

Mtu wa kawaida akiambiwa afiche kitu atakisukumia chini ya godoro, na hapo mwizi na mwenye mali wote watakiona. Mimi nashona mshono wa ndani ambao hata sindano yenyewe ikitoka haikumbuki ilipopita. Mfanyabiashara mmoja kwetu nilimshonea mfuko wa siri katika koti. Alifariki akiwa na uzee mwema na mpaka leo warithi wake wanalipapasa koti lile. Basi kwa ufundi huo nikaushona mkufu kwenye pindo la pazia la sebuleni. Kesho yake nikauhamishia kwenye mto wa kochi. Kisha ukosi wa koti. Kisha kitambaa cha meza. Na kwa kuwa mwizi ni mtu wa kufikiri, kila nilipouhamisha niliacha nyuma kipande cha zipu kimeshonewa palepale, ili akipapasa aape kuwa ni mkufu, achane, aone aibu, aende zake. Baada ya muda nyumba nzima ilikuwa na mikufu ya uongo. Niliisimamia nikaiona imekamilika. Nilitamani wezi waje waone kazi.

Halafu siku moja nikiwa peke yangu, mkufu nimeuweka kiganjani nafikiria pa kuupeleka, mlango ukagongwa. Sauti ya kiume. "Nani?" "Msoma mita ya maji!" Ndivyo wanavyosema wote, Afande, hata wasiosoma. Nikashika sindano, nikaushona haraka kwenye kitambaa kilichokuwa karibu, nikakata uzi kwa meno, nikafungua. Alikuwa msoma mita kweli. Akasoma mita, akaniaga vizuri, akaenda. Nilipogeuka, kichwani mwangu hamkuwa na kitu. Ni kama mtu amepita na kifutio. Nilikumbuka sindano, nikakumbuka uzi wa rangi gani, nikakumbuka hata viatu vya msoma mita. Nilichoshonea, sikukumbuka.

Kosa la tatu, na hapa sauti yangu inapanda kidogo, unisamehe: wezi wenu hawafanyi kazi.

Nilipoona hali ni hiyo nilijipa moyo. Nikasema, huu ni mji mkubwa, kipeperushi kimeapa kuna wezi, nitaacha mlango bila kufunga, mwizi ataingia, atautafuta mkufu kwa akili zake za kazi, nami nitakuwa nyuma ya jokofu nimemngoja. Nimesimama nyuma ya jokofu lile mpaka nalijua kwa sauti. Hajaja mtu. Alikuja jirani mmoja, mama wa makamo, akafunga mlango kwa nje akaniwekea ujumbe: "Mlikuwa mmesahau, nimewafungia."

Nikaamua kuwaita wezi kwa chambo. Nikaiacha saa yangu ya mkononi juu ya benchi la bustani, nikaondoka taratibu nikitazama kwa pembe ya jicho. Mwanamke mmoja akanikimbilia viatu vikiwa mkononi, anahema, "Baba! Baba, saa yako!" Nikamwambia si yangu. Akasema, "Baba jamani, nimekuona ukiivua." Mbele ya watu! Nikaipokea kwa aibu kama aliyefumaniwa. Nikaenda kwenye basi la mpwa wangu, nikakaa katikati ya watu, mfuko wangu wazi, pochi inachungulia. Hakuna aliyenisogelea. Abiria waliniachia kiti kizima, na cha mbele yake, na cha nyuma yake; wengine walisimama ilhali viti vipo. Mwanzoni nilidhani ni heshima kwa mjomba wa dereva. Sasa naona ni dharau. Mtu wa hadhi yangu kukaa ugenini muda wote huu bila hata kujaribiwa kuibiwa, nikirudi kwetu nitasema nini? Watauliza, "Hivi walikuona kweli?"

Kosa la tano. (La nne lilihusu ngazi za jengo letu, lakini nimeona tumalize hili kwanza.) Kosa la tano ni hasara iliyoipata familia hii kwa uzembe wa hao wezi, maana kazi ambayo wangeifanya wao kwa dakika chache nimelazimika kuifanya mimi kwa mkasi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nikaanza na nguo. Nimefumua kila kitambaa kilichomo nyumbani humu. Mapazia yamebaki riboni. Mtu akipita barabarani anajua tunakula nini. Kochi limetoa utumbo. Sare ya kazi ya mpwa wangu niliifumua pindo la suruali, akaivaa bila kujua, akashuka kituo cha basi akiburura mguu mmoja wa suruali kama bendera ya msiba, msimamizi wake akamwita pembeni. Glavu nene za yule mwoka mikate, zile za kutolea trei tanurini, niliziazima nikazifumua, nikamrudishia. Hakuziangalia. Aliyoyasema trei ilipomgusa sitayaandika humu. Niseme tu kwamba si maneno ya kumwambia mjomba wa mkeo mtarajiwa. Nilichopata katika kufumua kote huko ni zipu, Afande. Zipu, zipu, zipu. Nimejidanganya kwa ustadi mpaka nikaanza kujiheshimu.

Ikabaki nguo moja tu: gauni la harusi, lililoning'inia mlangoni ndani ya mfuko wake. Nikasogea na mkasi. Mpwa wangu akasimama katikati, mikono kiunoni, sura ya marehemu mama yangu kabisa.

"Mjomba, weka mkasi chini."

"Nafumua upindo tu, mwanangu, narudishia papo hapo."

"Mjomba, ukigusa hilo gauni, utarudi kwetu leo leo, na kwa miguu."

Mwoka mikate, kidole kikiwa kimefungwa bandeji, akaingilia kwa upole, "Jamani, mbona tunaweza kununua mwingine? Dukani ipo." Nilitaka kumjibu kwamba mtu anayelala na unga hawezi kujua dhahabu. Lakini binti akanitangulia. Alikaa kwenye lile kochi lililotoka utumbo, akasema polepole, "Mimi sililii dhahabu, Mjomba. Bibi sikumwona hata siku moja. Ule mkufu nilitaka tu niuvae pale ulipokuwa umekaa kwake."

Afande, nimechomwa na sindano maisha yangu yote, lakini ile ilinichoma mahali ambapo sindano haifiki.

Halafu dada akapiga simu. "Mkufu upo?" Nikamwambia, "Upo salama salimini." Sikusema uongo, na naomba uliandike hilo. Hakuna kitu duniani kilicho salama kama mkufu ule. Hata mimi siwezi kuuiba. Dada akasema, "Mbona unanijibu haraka hivyo?" Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Kwa sababu hizo zote, na kwa kuwa harusi ni Jumamosi na kwa kuwa mimi ndimi nitakayesimama pale mbele na mikono mitupu, naleta mbele yako ombi lifuatalo.

Naomba idara yako iniazime mwizi mmoja.

Nieleze vizuri nisije nikaletewa wa ovyo. Simtaki kijana wa kukwapua simu; huyo hana subira ya kitambaa. Simtaki wa kuvunja milango, maana mlango wetu umebaki peke yake usio na hasara. Namtaka mtu mzima, mstaarabu, mwenye vidole laini na uzoefu wa majumbani, wale ambao wakiingia chumbani hunusa mara moja wakaenda moja kwa moja kwenye dhahabu bila kupoteza muda kwenye zipu. Kama yupo ndani, mpe ruhusa ya siku moja. Mwambie ni kazi ya heri. Kama amestaafu, mwombe kwa niaba yangu. Kama huna kabisa, jambo ambalo naanza kulishuku, basi andika barua kwa nchi jirani, kwani serikali husaidiana katika mambo makubwa kuliko hili.

Akija, sitamwambia lolote, ili nisimharibie mwendo. Sisi tutatoka kwenda sokoni. Mlango tutaufunga, asije akajihisi mgeni wetu akashindwa kufanya kazi. Chai tutamwachia kwenye chupa, na kikombe safi, na mkate wa bwana harusi. Askari wako mmoja asimame ngazi za chini. Mwizi akishuka na mkufu, askari aupokee kwa adabu, amshukuru, na asimpige. Narudia: asimpige. Huyo atakuwa mgeni wa familia. Jumamosi tutampa kiti cha mbele upande wa kwetu, karibu na wewe mwenyewe, maana umealikwa kuanzia sasa. Akitaka kusema neno atasema. Na suti ya kuvalia nitamshonea mimi, yenye mifuko mingi kuliko kawaida, kwa kuwa najua kazi yake.

Najua yule askari wa mapokezi atakwambia alichoniambia mimi nilipomdokeza wazo hili: "Mzee, sisi tunawakamata, hatuwakodishi." Tafadhali msahihishe. Sikuomba kukodi. Nimeomba kuazima, na nitamrudisha akiwa mzima.

Mwisho, kipeperushi chenu kikichapishwa upya, kiongezwe mstari mmoja kwa jina langu: Mgeni, ukiwa fundi, usijifanyie ufundi. Sitadai malipo.

Nifikishie salamu kwa mama watoto wako, na kwa watoto, na kwa yule askari aliyegeukia ukutani. Mwambie mabega yake nimeyaona na koti lake linambana kwapani, alete nilitazame. Msalimie pia wa mapokezi, sina kinyongo. Wasalimie wezi wa jiji lako popote walipolala, uwaambie kuna mtu alikuwa anawategemea.

Wako katika kungojea,

Mjomba wa Bibi Harusi,
Fundi wa Wakubwa na wa Wale Waliokaribia.

Tanbihi: Afande, barua hii nilikwisha kuifunga, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Usimtoe mwizi. Kama ameshatoka, mrudishe, mpe pole. Mkufu umepatikana, na hakuna aliyeutafuta.

Leo Ijumaa mpwa wangu ametoka kazini, akanipa taulo, akafungua mlango wa bafu, akasema, "Mjomba, kesho utanishika mkono mbele za watu. Ingia." Nikaingia. Nikavua fulana ya ndani, nikaitupa sakafuni. Ikalia. Fulana hailii ikianguka, hilo hata asiye fundi analijua. Nilipopapasa pindo lake la chini nikaukuta, umelala pale kimya kama mtoto aliyeshiba. Msoma mita alipogonga, kitambaa kilichokuwa karibu nami kilikuwa mwilini mwangu. Katika kazi yetu ni mwiko kushona nguo ikiwa imevaliwa, na ndiyo maana kichwa kilikataa kulikumbuka. Kwa miaka yote hii nimezoea kutafuta kitu kwenye nguo iliyo mezani, si iliyo na mtu ndani. Binti ameuvaa akajitazama kwenye kioo, hataki kuuvua, anapika nao. Dada ameonyeshwa kwenye simu, akalia, akaniambia mikono yangu ni ya mama. Sikumkatiza.

Barua naituma hivyo hivyo, kwa sababu jengo zima nimekwisha kuliambia kwamba naandikiana na wewe. Ila naona ni haki ujue jambo moja ambalo hapa nyumbani sijalisema, wala sitalisema. Wataalamu wako wanaweza kujiuliza imekuwaje nisiione fulana hiyo muda wote huo. Ni kwamba mtu aliye uchi hawezi kumkimbiza mwizi, na kipeperushi kilisema nisilegeze ulinzi. Kwa hiyo tangu nifike kwenu sijawahi kuoga. Nilikuwa naingia bafuni, nafungua maji, naketi ukingoni mwa beseni la kuogea nikiwa na nguo zangu zote, naimba kidogo ili wasikie, kisha nafunga maji na kutoka.